Barimta ya Mchana Kweupe

Ofisi ya gavana wa wilaya yetu imetangaza, na tangazo limebandikwa mlangoni kwa gundi ya kutosha kuhimili upepo wa milima ya Altai, kwamba kesi zote za wizi wa mifugo zilizofunguliwa mwaka jana zimekamilishwa, kwamba kila aliyedhulumiwa katika kesi hizo amelipwa, na kwamba desturi ya barimta, ambayo ni masalio ya zama za giza, haipo tena mahali popote wilayani. Tangazo lina muhuri. Limeandikwa kwa Kimongolia na kwa Kikazakh, na katika lugha zote mbili halina kosa la tahajia.

Barimta ni neno letu sisi Wakazakh, hata sisi tunaoishi Mongolia. Zamani mtu akikuchukulia mnyama, au akimvunja nduguyo mguu, au akimtorosha mchumba wa mwanao, kisha akakataa kuketi na wazee, ulikuwa na haki ya kwenda kwake na kuwaswaga farasi wake mpaka kwako. Huwali. Unawashika tu, hadi mwenyewe akubali kuzungumza. Na unakwenda mchana, unataja jina lako na ukoo wako na kosa lake kwa sauti ya kusikika. Ukienda usiku, au ukichinja hata mmoja, basi umeiba kama wezi wengine, na mama yako ataona haya kwenda kisimani.

Karne mbili hivi zilizopita, maofisa wa mfalme wa Urusi waliokuwa wakiwatawala ndugu zetu wa upande wa magharibi walizipata habari hizi. Walichoona wao ni farasi wanaoondoka kwa mwenyewe bila hiari yake, wakaandika: uporaji. Tangu hapo ukifungua kamusi utakuta kwamba barimta ni uvamizi wa kunyang'anya mifugo, na neno lenyewe limezoea, kama mtu aliyeitwa mwizi muda mrefu hata akaanza kuitika.

Asili yake wanaigombania. Wapo wanaosema limetoka katika Kikazakh, kwenye neno la "kuwepo", kwa maana ya kwamba changu kipo kule kwako. Wengine wanasema limetoka kwa Wamongolia, ambao kushika kwao ni "bari", na kitu cha kushika mkononi ili kuthibitisha jambo ni "barimt". Katika Kimongolia cha leo barimt ni ushahidi, ni hati, ni kielelezo; hata kikaratasi unachopewa dukani ukinunua unga ni barimt. Kama wa pili ndio wakweli, basi mama ni mmoja na watoto ni wawili: mmoja kaajiriwa serikalini, mwingine anatafutwa na polisi.

Dalelkhan aliwapatanisha ndugu hao kwa siku chache. Hakukusudia.

Alizaliwa katika hema la sufu enzi za ushirika wa mifugo wa serikali, akachunga farasi wa ushirika, na ushirika ulipokufa akagawiwa baadhi ya farasi aliokuwa akiwachunga, jambo ambalo halikumshangaza, kwa kuwa siku zote alikuwa akiwaona kuwa ni wake na ushirika ndio mgeni. Kimongolia alikipata jeshini, katika kikosi cha ujenzi. Alijua vizuri kusema chimba, beba, simama na nyamaza. Hakuna aliyewahi kumtaka ushahidi jeshini. Walikuwa wakimwamini moja kwa moja kuwa ana makosa. Baada ya hapo aliishi nasi, na kwetu hata mwenye duka ni Mkazakh, na kikaratasi chake cha unga anakiita cheki.

Kisha ulikuja mwaka wa barafu, ule ambao theluji iliyeyuka ikaganda tena juu ya nyasi kama kioo, na mifugo ikafa imesimama. Kondoo wake walikwisha, wakabaki wachache wa kuchinjia wageni. Mwanawe alikwenda Kazakhstan, hupiga simu sikukuu. Binti yake Raykhan aliolewa mjini, akawa anaishi kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Mlimani alibaki Dalelkhan na mkewe Kulpash, ngamia wawili wa kubebea hema, farasi wa kupanda, na kundi dogo: dume mmoja wa rangi ya majivu na majike wake saba. Majike hao ndio waliowaweka pale. Kiangazi walikamuliwa, maziwa yakachachuka katika kiriba, wapita njia wakasimama, na Dalelkhan akawa mtu ambaye watu husimama kwake. Kulpash alikuwa amekwisha kusema neno lake juu ya ghorofa ya tatu: mle ndani atakwenda siku atakayobebwa.

Mwezi wa pili, kundi lile lilipotea.

Dume yule alikuwa akipinda ukwato wa mbele kuelekea ndani, na mtu yeyote kwetu angeweza kuzisoma nyayo zake kama anavyosoma jina lake. Zilishuka bonde, zikapita mtoni juu ya barafu, zikaishia kwenye shimo ambamo lori la Khizat hurudi kinyumenyume kupakia. Khizat ni mfanyabiashara wa nyama. Mji mkuu unapenda nyama ya farasi wakati wa baridi, na Khizat anaupenda mji mkuu. Kila mtu alijua, hata watoto. Lakini kujua kwetu ni kama theluji: imejaa kila mahali na hakuna awezaye kuipika.

Dalelkhan alikwenda kwake. Alikaribishwa, akawekewa mto wa kuegemea, akamiminiwa chai ya chumvi.

"Farasi wangu wameishia kwenye shimo lako," alisema.

"Mzee wangu, farasi ana miguu minne. Huenda apendako."

"Hawa walipenda kupanda lori?"

"Siku hizi nani hapendi lori?" Khizat alisema, akamwongezea chai. "Mimi nakuheshimu kama baba. Ukiwa na shida ya nyama, niambie. Nitakukatia."

"Tuketi na wazee, basi."

"Wazee gani? Wazee wote wako Kazakhstan na watoto wao. Umebaki wewe. Sasa uketi na nani, ukae na wewe mwenyewe ujihukumu?"

Mkewe Khizat, Botagoz, alicheka kidogo, kisha akajikohoza.

Ndipo Dalelkhan akaenda polisi. Mpelelezi alikuwa mwanamke aitwaye Enkhtuya, Mmongolia aliyehamishiwa kwetu kutoka mashariki, mwenye mafua yasiyokwisha na makabati yasiyofunga. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalofanya habari hii iwe ngumu kusimulia, kwa sababu msikilizaji hupenda pawe na mtu mbaya karibu na meza.

"Farasi wangu wamechukuliwa na Khizat," alisema Dalelkhan kwa Kimongolia chake cha kikosi cha ujenzi.

"Una barimt?"

Mzee aliinama kumsogezea sikio. Alimtazama kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa kwenye nyumba iliyohamwa.

"Umesema nini, binti yangu?"

"Barimt, mzee. Bila hiyo mimi siwezi kufungua jalada. Lete barimt, nami nitamwita Khizat hapa hapa, mketi mzungumze."

"Niilete mimi mwenyewe?"

"Sasa akuletee nani? Anayedai si wewe?"

"Na serikali haitakasirika?"

"Serikali ndiyo inayoitaka."

"Mchana?"

"Mchana, ndiyo. Saa za kazi." Enkhtuya alipenga kamasi. "Na zikiwa nyingi ndiyo vizuri zaidi. Hatakuwa na la kukataa."

Dalelkhan alisimama, akaweka mkono kifuani, akamshukuru. Waliokuwa kwenye foleni wanasema alitoka akitembea kama kijana. Baada ya miaka yote ile serikali ilikuwa imepata akili. Wapo wanaodai kwamba alielewa vizuri sana na aliamua tu kusikia alichotaka kusikia. Inawezekana. Mtu anapozama haulizi jina la kilichoelea.

Nyumbani Kulpash alimkuta akikaza mikanda ya tandiko.

"Baba Raykhan, unakwenda wapi?"

"Kwa Khizat. Serikali imeniruhusu barimta."

"Serikali ipi?"

"Hii hii."

"Hii iliyokunyima miwani?"

"Hiyo hiyo."

"Basi inaumwa," alisema Kulpash. "Subiri ipone."

Hakusubiri. Lakini barimta haifanywi na mtu mmoja. Mmoja akiswaga farasi wa mwenzake ni mwizi au ni kichaa. Zamani angepiga mbiu, vijana wa ukoo wangemiminika na marungu yao. Sasa vijana wa ukoo walikuwa wanapaka rangi kuta za watu mjini Almaty, Kazakhstan. Aliyepatikana ni Beken, baba wa mume wa Raykhan, mkwe mwenzake, ambaye goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki.

"Mkwe, goti langu hili haliwezi kupanda farasi," Beken alimwambia.

"Goti sikulialika. Nimekualika wewe."

"Wakituua je?"

"Goti litapona."

"Umenipa binti mzuri," alisema Beken, akitafuta kofia yake, "nami nilijua tangu siku ile kwamba nitakuja kumlipia."

Walikwenda mwezi wa nne, wakati majike wote wana matumbo. Dalelkhan alivaa joho lake la harusi za watu. Walifika kwa Khizat jua likiwa utosini. Khizat alikuwa mjini. Botagoz alikuwa nje, anazungusha mashine ya kutenga malai ya maziwa. Dalelkhan alisimamisha farasi wake umbali unaotakiwa, akanyoosha mgongo.

"Mimi ni Dalelkhan mwana wa Akhmet, wa ukoo wa Kerey. Khizat amechukua kundi langu akakataa kuketi. Nawachukua majike wake tisa, kama desturi inavyohesabu. Aje kuwafuata kwa mdomo, asije kwa mkono."

"Nini?" Botagoz aliuliza. "Sisikii, mashine hii. Mtakunywa chai?"

Hapo kulizuka tatizo ambalo wazee wa kale hawakutuachia jibu lake, kwa sababu wake wa kale walikuwa wakipiga mayowe. Kwetu mtu hapiti mlango wa mwenzake bila kuonja mkate wake, hata akiwa na haraka. Beken tayari alikuwa anashuka, goti mbele. Wakaingia, wakanywa, wakala mkate na malai mabichi. Kikombe cha mwisho Dalelkhan alikifunika kwa kiganja, akarudia maneno yake yote, tangu jina la baba yake, palepale juu ya kitambaa cha chakula.

"Haya," alisema Botagoz. "Nitamwambia."

Alidhani mumewe kauza. Mumewe alikuwa akiuza kila kitu.

Waliwaswaga majike polepole, kwa heshima. Hata hivyo mtoni, barafu ilikuwa imeanza kuvunjika pembeni, jike mmoja mweusi akateleza, akajiinua, akapanda ukingo akitetemeka. Jioni ile alitoa mimba. Kitoto kilikuwa kimekamilika, kina kwato laini na nywele za shingoni, kimekosa pumzi tu. Dalelkhan alikifunika kwa koti lake la kazi, akakaa karibu nacho. Katika desturi aliyokuwa akiifuata hatua kwa hatua, hii haikuwemo. Kilichoshikwa hakitakiwi kupungua.

"Jambo limeharibika," alimwambia mkewe.

"Lilikuwa zima lini?" Kulpash alijibu. Lakini alimpelekea chai palepale alipokaa.

Kesho yake Dalelkhan alichinja mmoja wa wale kondoo wachache. Wajumbe wa Khizat wangekuja, na wajumbe huheshimiwa kwa kupewa kichwa cha kondoo. Nyama ilichemka tangu asubuhi. Walitandika kitambaa, wakapanga mito. Beken, aliyelala kwao na sasa hawezi tena kushuka kitandani, alisaidia kwa kutoa maoni.

Gari lilipanda bonde mchana. Akashuka Enkhtuya na dereva wake, na nyuma yao Khizat, na Makpal wa ofisi ya usajili aliyeletwa kutafsiri. Dalelkhan aliwapokea mlangoni. Alimwambia Khizat karibu, akamwonyesha mpelelezi mahali pa heshima, mkabala na mlango.

"Nimeileta, binti yangu," alisema. "Tisa. Mmoja nina deni lake, tutalizungumza."

Polisi waliwapiga picha majike. Halafu waliipiga picha nyama ndani ya sufuria, ili kuthibitisha kwamba haikuwa ya farasi. Dereva, baada ya kuthibitisha, alikula kidogo akiwa amesimama.

Ilimchukua Makpal muda kuelewa kinachozungumzwa, na muda mwingine kuamua kama atafsiri. Alipotafsiri, Enkhtuya alicheka, mara moja tu, kama mtu aliyekabwa na mfupa. Kisha akaketi.

"Mimi nilisema karatasi, mzee. Cheti cha daktari wa mifugo, picha, ngozi yenye chapa yako. Kitu cha kuonyesha."

"Ulisema barimta."

"Barimt."

"Ndiyo hiyo."

"Mwisho wake hakuna a."

"Mimi sikuhesabu herufi, binti yangu. Ulisema nilete, ukasema mchana, ukasema serikali inataka. Ukasema atakuja tuketi." Akamgeukia Khizat. "Si huyu hapa? Na tumeketi."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyejua alifanyie nini.

Enkhtuya alimwomba Khizat afute malalamiko. Inafaa isemwe kwamba alimwomba, tena mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ambayo polisi hawaruhusiwi kuitumia.

"Mimi na mzee huyu hatuna ugomvi," alisema Khizat. "Ni baba yangu. Kama ingekuwa mimi tu, ningemwachia na soseji juu. Lakini jike yule mweusi ni wa ukoo wa mbio. Na sheria ni sheria, dada mpelelezi, au mimi nimekosea?"

Akatoa bahasha. Ilikuwa na vyeti vya kila jike, na picha zao ubavu kwa ubavu, na mihuri ya bluu iliyonyooka. Barimt kamili. Enkhtuya alizipokea kwa mikono miwili kwa sababu hivyo ndivyo zinavyopokelewa.

"Muulize basi juu ya dume wangu wa rangi ya majivu," alisema Dalelkhan. "Maadam yupo hapa."

"Hilo si jalada hili."

"Jalada lake liko wapi?"

Makpal alitafsiri jibu akiangalia sufuria. "Anasema halijafunguliwa. Anasema hukuleta barimt."

Mahakamani mambo yalikwenda haraka. Botagoz aliulizwa kama washtakiwa walimtishia, akasema hapana, walikunywa chai. Aliulizwa kama alitambua kwamba wanaiba, akasema mzee alimwambia yeye mwenyewe, na jina la baba yake akamtajia; mwizi gani anayefanya hivyo? Hakimu, kijana mwenye adabu, alieleza kwamba kutangaza kosa hakulifuti kosa, bali hulithibitisha. Beken aliachiwa kwa sababu ya goti. Dalelkhan hakufungwa, kwa sababu ya umri. Alitakiwa kulipa gharama za kuwarudisha majike na thamani ya kitoto kilichokufa, ikikadiriwa kwa mbio ambazo kingeshinda. Mtaalamu aliletwa. Kitoto kile, kwa maelezo yake, kilikuwa na maisha mazuri sana mbele yake.

Kwa deni hilo waliuzwa ngamia wawili na farasi wa kupanda.

Mwezi wa sita, wakati majirani walipokuwa wakifungasha kwenda malisho ya kiangazi, hema la Dalelkhan lilibaki limesimama peke yake bondeni. Hapakuwa na wa kulibeba, wala wa kukamuliwa kule juu kama lingebebwa. Raykhan alipiga simu kila jioni. Kulpash hakutaka kuzungumza naye. Siku moja aliamka, akaanza kufungua kamba za paa yeye mwenyewe, kamba baada ya kamba, na mumewe alipotoka kuuliza anafanya nini alimwambia ashike upande ule.

Aliyejitolea kuwashusha mjini ni Khizat. Hakutaka malipo. Alisema jirani ni jirani, na kwa vyovyote lori lilikuwa linakwenda tupu. Kulpash alikataa kukaa mbele kwa dereva. Alipanda nyuma na jiko na masanduku, akajifunga shali usoni. Dalelkhan alikaa mbele. Khizat alimweleza njia nzima kuhusu bei ya matairi.

"Usinichukie, mzee," alimwambia walipofika lami. "Wewe ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa na karatasi. Ningekuwa na haki, nawe una karatasi, ungenionea huruma?"

Dalelkhan alifikiri. Anasema alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Ningekuchinjia kondoo," alisema.

"Ndiyo maana umefika hapa," Khizat alisema, bila ubaya wowote.

Kulpash alizipanda ngazi za ghorofa ya tatu kwa miguu yake, akipumzika kila kona, na tangu siku hiyo hajazishuka. Dalelkhan hushuka. Huenda mpaka mwisho wa mtaa, pale panapoanza changarawe, anasimama, anarudi. Watu humwamkia na kumwita mpora-farasi, kwa mapenzi, kwa kuwa mjini mzee lazima apewe jina fulani. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, akiwaeleza tofauti, mchana na usiku, kushika na kula. Sasa anaitika.

Mwaka huo, ule unaotajwa kwenye tangazo, watu wengi walikwenda polisi kulalamikia mifugo yao. Jalada lililofunguliwa lilikuwa moja, na aliyelipwa ni Khizat.